Kikopo cha maabara nyumbani: mgonjwa aelezwe nini, na jamaa wamsaidie vipi

Vipimo vingi vya hospitali havianzi maabarani. Vyaanza nyumbani kwa mgonjwa, uani au msalani, aghalabu alfajiri, ilhali mgonjwa yuko peke yake na kikopo mkononi. Damu huchukuliwa na mtaalamu kwa sindano. Lakini kohozi, mkojo, choo na shahawa huchukuliwa na mwenye mwili wake, na hapo hakuna daktari wala muuguzi wa kumwongoza. Mashine hata ikiwa ya thamani namna gani, hupima kile tu kilichotiwa ndani ya kikopo. Kikitiwa mate badala ya kohozi, jibu litakalotoka ni la mate.

Mimi nilisomea kazi ya maabara kwa ngazi ya diploma, na kwa miaka kadhaa nimekaa upande wa ndani wa lile dirisha ambapo vikopo hupokelewa. Jambo moja limenikaa kichwani: mgonjwa anayeleta sampuli isiyofaa si mkaidi wala si mjinga. Ama hakuelezwa, ama alielezwa kwa maneno yasiyomfikia. Nimeandika makala haya yawekwe, yasomwe tena siku kikopo kitakapoingia nyumbani kwako, na nimeyaandikia zaidi wale wanaowauguza wazee wao: binti, mjukuu, mke na jirani.

Dakika mbili za maelezo zilizookoa watu

Kuna utafiti mmoja ambao kila mfanyakazi wa afya wa pwani yetu yafaa aujue. Ulifanyika Rawalpindi, Pakistan, mji wa Waislamu wenye staha kama yetu, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2007 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Watafiti walichukua watu wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu, wanawake karibu 1,500 na wanaume zaidi ya 1,500. Nusu yao walipewa kikopo kama kawaida. Nusu nyingine, kabla ya kupewa kikopo, walielezwa kwa muda mfupi namna ya kutoa kohozi: lini, wapi, litoke wapi mwilini, na kwa nini mate hayafai.

Kwa wanawake ambao hawakuelezwa kitu, walioonekana na vijidudu vya kifua kikuu walikuwa 58, yaani asilimia 8. Kwa wanawake walioelezwa, walikuwa 95, yaani asilimia 13. Makundi yalikuwa karibu sawa kwa idadi, darubini ni ile ile na wapimaji ni wale wale. Kilichozidi ni maneno. Wanawake walioelezwa walileta mate kwa uchache zaidi, na wengi wao walirudi kesho yake na kohozi la asubuhi. Kwa wanaume maelezo hayakuleta tofauti ya kutajika.

Kwa nini wanawake peke yao? Tukijitazama wenyewe, jibu si gumu. Mwanamke aliyelelewa kwa haya haoni vyema kukohoa kwa nguvu na kutema mbele za watu. Akipewa kikopo kwenye baraza iliyojaa wagonjwa, atageuka ukutani, ateme kidogo alicho nacho mdomoni, akifunike upesi, basi. Jibu litarudi kwamba hana kitu. Atakwenda zake nyumbani akiamini kifua chake ni cha baridi, na atakaa na wanawe chumba kimoja kwa miezi. Kifua kikuu huenezwa kwa hewa, na dawa zake kwenye hospitali za serikali hapa Kenya hutolewa bure. Kwa hivyo mtu aweza kukosa tiba isiyo na malipo kwa sababu ya kukosa maelezo ambayo nayo hayana malipo.

Kohozi

Kiswahili chetu kinatusaidia kutenganisha vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Mate hutoka mdomoni, ni mepesi na yana povu. Kamasi hutoka puani. Kohozi, au balghamu kama wasemavyo wazee, hutoka chini kifuani. Ni zito, laweza kuwa jeupe, la manjano au la kijani, na pengine lina damu. Maabara yataka hilo la tatu. Mwambie mgonjwa kwa neno analolitumia yeye nyumbani kwake, na umwonyeshe kifua kwa mkono.

Kohozi la asubuhi ndilo bora, kwa sababu limekusanyika usiku kucha wakati mtu amelala. Mpango wake ni huu:

1. Usiku anywe maji ya kutosha, na kikopo kiwekwe karibu na kitanda, kikiwa kimefunikwa.
2. Akiamka, kabla hajala wala hajanywa chai, asukutue kama anavyosukutua kwenye udhu, kwa maji matupu. Asitumie dawa ya meno wala maji ya dawa ya mdomo.
3. Atoke nje palipo na hewa: uani, juu ya paa, au nyuma ya nyumba. Asifanye chumbani wala msalani, kwa maana hewa ya pale haitembei na atakayeingia baada yake ataivuta. Watoto wasiwe karibu.
4. Avute pumzi kwa ndani sana, aizuie kidogo, aiachie. Afanye hivyo mara mbili tatu, kisha akohoe kwa nguvu kutoka kifuani.
5. Akisogeze kikopo mpaka mdomoni, ateme humo. Asiguse ndani ya kikopo wala ndani ya kifuniko. Arudie mpaka apate kiasi cha kijiko kimoja cha chai.
6. Akifunge sawasawa, aoshe mikono kwa sabuni, akiweke kimesimama mahali pa baridi pasipo na jua, akipeleke asubuhi hiyo hiyo.

Kohozi likikataa kutoka, mvuke wa maji ya moto kwa dakika chache hulilainisha. Likikataa kabisa, asijaze mate ili aonekane amefanya kazi. Aende aseme ukweli, kwani hospitali wana njia nyingine. Mtoto mdogo hajui kutema. Yeye hulimeza kohozi lake. Asilazimishwe nyumbani, apelekwe hivyo hivyo. Siku hizi hata choo cha mtoto chaweza kupimwa kifua kikuu.

Kwa Bi Mkubwa mwenye haya, msaada mkubwa wa jamaa ni kumpatia faragha. Msafishie pembe ya ua mapema, waondoshe watu, mwache peke yake. Ukimsimamia kichwani hutapata kohozi.

Mwezi wa Ramadhani mambo hayaharibiki. Akiamka kwa ajili ya daku, atoe kohozi kwanza, kisha ale.

Mkojo: kikopo kimoja, masharti matatu

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa kuwa kikopo ni kile kile na neno ni lile lile: "Lete mkojo." Lakini mkojo wa nini? Masharti hubadilika kulingana na kinachotafutwa, na mara nyingine hupingana.

Wa kwanza ni mkojo wa kutafuta maambukizi, pale mgonjwa anapolalamika kuungua au kwenda haja ndogo kila mara. Huu ni mkojo wa katikati. Mgonjwa ajisafishe kwa maji, mwanamke kutoka mbele kwenda nyuma, ajifute akauke. Mkojo wa mwanzo aumwage chooni, wa katikati autie kikoponi bila kukigusisha mwili, wa mwisho aumalize chooni. Sababu yake ni kwamba mkojo wa mwanzo husomba vijidudu vilivyoko nje, ambavyo si ugonjwa. Mwanamke aliye kwenye hedhi aseme, kwa sababu damu ile itaonekana kwenye jibu.

Mkojo huu hauna subira na joto letu. Kijidudu kinachosababisha maambukizi mengi ya mkojo, kikipata joto zuri, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Kimoja baada ya saa moja ni 8, baada ya saa mbili ni 64, na baada ya saa nne ni 4,096. Basi mkojo uliochukuliwa alfajiri Kisauni ukangoja matatu, ukangoja foleni, ukafika dirishani saa tano, waweza kuonyesha ugonjwa usiokuwepo, na mgonjwa akapewa dawa asizozihitaji. Ufike ndani ya saa moja, ukichelewa sana ziwe mbili. Haiwezekani? Uwekwe kwenye friji, ndani ya chombo kingine kilichofungwa, mbali na chakula. Humo waweza kukaa mpaka saa 24. Anayetoka Pate au Faza kwa mashua hadi Lamu, ni bora achukue kikopo mtupu na mkojo autoe afikapo hospitali.

Wa pili ni mkojo wa kichocho, ugonjwa tunaoujua sana watu wa Kwale, Kilifi na Tana River, ambao watoto huupata kwenye mito na mabwawa wanapooga. Masharti yake ni kinyume cha yale ya kwanza. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi mchana, kati ya saa nne asubuhi na saa nane, na hutoka zaidi kwenye matone ya mwisho ya mkojo. Kwa hivyo mtoto atoe mkojo mchana, ikiwezekana baada ya kukimbia kimbia kidogo, na yale ya mwisho kabisa ndiyo yaingie kikoponi. Mzazi aliyeambiwa mwaka jana "chukua wa katikati, wa asubuhi" kwa maradhi mengine, mwaka huu akafanya vile vile kwa kichocho, amefuata maagizo kwa uaminifu na bado ameyakosa mayai. Jambo jingine, asiongeze maji kikopo kikionekana hakijajaa. Mayai yale yakikutana na maji matamu huanguliwa, na mpimaji hatayaona.

Wa tatu ni mkojo wa siku nzima, saa 24, unaotakiwa hasa kwa kupima figo. Mgonjwa hupewa dumu. Kosa la kawaida hapa liko mwanzoni. Tuseme anaanza saa kumi na mbili asubuhi. Mkojo wa saa hiyo aumwage chooni, aandike saa. Kuanzia hapo kila tone liingie dumuni, mchana na usiku, mpaka kesho saa kumi na mbili asubuhi, na ule wa saa hiyo nao atie, ndio wa mwisho. Wa kwanza humwagwa, wa mwisho hutiwa. Akisahau mara moja tu akaenda haja ndogo msikitini au kazini, hesabu imevunjika, yafaa aanze upya siku nyingine na awaambie maabara. Asikadirie wala asijazie.

Baadhi ya madumu huwa na dawa ndani, pengine ni tindikali. Isimwagwe, na mtu asikojoe moja kwa moja humo. Akojoe kwenye kopo safi kisha amimine polepole. Dumu likae mahali pa baridi. Nyumba isiyo na friji, ndoo yenye maji na barafu yafanya kazi, barafu ikibadilishwa.

Choo kikubwa

Sampuli hii ndiyo watu huionea haya zaidi, na vyoo vyetu vya kuchutama, vyenye maji wakati wote, havirahisishi mambo. Choo kinachotakiwa kisichanganyike na mkojo wala maji. Mgonjwa aende haja ndogo kwanza, amalize. Kisha atumie poti ya mtoto iliyooshwa ikakauka, au kopo pana la kutupwa. Zamani watu walielekezwa kutandika mfuko wa plastiki, lakini mifuko ile ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Anayetandika gazeti atazame kwanza lisiwe na aya wala jina la Mwenyezi Mungu. Achukue sampuli kabla ya kuchamba.

Kiasi chake ni kidogo. Kwa kijiko kilichomo kwenye kifuniko cha kikopo, achukue kipande kama kungumanga, na kama kuna sehemu yenye kamasi au damu, achukue hapo. Kikopo kisijazwe, hewa hujikusanya ndani, na kifuniko kikifunguliwa hufyatuka. Choo cha kuharisha cha majimaji chataka haraka kuliko vyote, nusu saa tu, kwa sababu vijidudu vya amiba vilivyo hai hufa na kupoteza umbo.

Wanaopimwa vidudu vya vidonda vya tumbo kwa njia ya choo wana sharti jingine. Dawa za kupunguza asidi kama omeprazole huweza kuvificha vidudu hivyo kwa wiki mbili, na dawa za kuua vijidudu kwa wiki nne. Mgonjwa amwambie daktari ametumia nini na lini, na daktari ndiye atakayesema aache lini. Asiache mwenyewe.

Shahawa

Nitalisema kwa staha lakini nitalisema, kwa sababu nyumba nyingi zimevunjika kwa kulinyamazia. Mtoto akichelewa, mke ndiye hupelekwa kwa madaktari na waganga miaka na mume hajapimwa hata mara moja. Kipimo cha mume ni chepesi. Ajizuie siku 2 hadi 7, si chini wala si zaidi. Sampuli aichukue kwa faragha, mke akimsaidia. Asitumie mafuta, sabuni wala mate, na asitumie mpira wa kawaida wa dukani, kwani vyote hivyo hudhuru mbegu. Yote iingie kikoponi. Ikimwagika sehemu, hasa ya mwanzo, aseme. Ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa imebebwa karibu na mwili ipate joto, isiingie kwenye friji. Katika Ramadhani apange siku yake baada ya mwezi kwisha.

Saa, siku na neno "kufunga"

Kuna makosa yanayotokana na lugha peke yake. Karatasi ya hospitali imeandikwa kwa Kiingereza, "8". Mzee aisoma saa nane, naye afika baada ya adhuhuri, wakati wenzake wamepimwa saa mbili asubuhi wakarudi makwao. Kwetu pia usiku hutangulia mchana wake: usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata magharibi ya Alhamisi. Mhudumu aliyetoka bara akisema "usiku wa Jumatatu", yeye na Bi Mkubwa wanazungumza juu ya mausiku mawili tofauti. Dawa yake ni kutaja jua: "kesho asubuhi baada ya sala ya alfajiri", "Jumapili ukishasali isha".

Neno linaloleta hasara zaidi ni "funga". Mgonjwa wa sukari akiambiwa "uje umefunga", Muislamu ajua kufunga ni nini. Ataamka saa kumi alfajiri ale daku vizuri, anuie, asinywe hata maji, na saa mbili asubuhi awe dirishani. Amekaa saa nne tu bila kula, ilhali kipimo chataka saa nane au zaidi. Tena amejinyima maji ambayo aliruhusiwa. Semeni hivi: "Ukishakula chakula cha usiku saa mbili, usile kitu tena mpaka upimwe. Maji matupu kunywa."

Chombo, jina na safari

Chombo kiwe kile cha maabara. Chupa ya jamu au ya asali, hata ikioshwa, huacha sukari, na mkojo ukapimwa ukaonekana una sukari. Chupa iliyosafishwa kwa Jik nayo huweza kuonyesha damu au sukari isiyokuwepo. Kikopo kikipotea au kikianguka wazi, omba kingine, hakuna aibu.

Jina liandikwe kwenye ubavu wa kikopo, si kwenye kifuniko, kwa maana vifuniko hutolewa na kuchanganyika. Yaandikwe majina matatu, tarehe na saa ya kuchukua. Akina Fatma Ali na akina Ali Mohamed kwetu ni wengi, na asubuhi moja wawili waweza kusimama foleni moja. Jina la babu ndilo litakalowatenganisha, na umri wa kila mmoja.

Njiani, kikopo kitiwe ndani ya mkebe au chombo kingine kilichofungwa, kisimame wima, kisiachwe kwenye dashibodi ya gari juani. Mtu hana haja ya kukificha chini ya buibui kama mwizi. Mkoba wa kawaida watosha. Sala ikimkuta njiani, akiweke kando ndipo asali.

Namna ya kueleza

Haya nawaambia wenzangu wa hospitali na wahudumu wa afya wa mitaani, na pia wewe mjukuu uliyepewa kazi ya kumsaidia bibi.

Swali "umeelewa?" halina faida. Adabu yetu ni kujibu "ndiyo, mwanangu", hasa mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe na nyuma kuna foleni ya watu 30. Badala yake sema: "Bi Mkubwa, niwie radhi, hebu nieleze ukifika nyumbani utafanyaje, nijue kama nimekueleza vizuri." Mzigo wa kueleza umeubeba wewe, naye hana cha kuonea haya. Akikosea mahali, hapo ndipo pa kurudia, na pasahihishwe palepale kabla hajaondoka.

Mengine ni madogo na yana faida kubwa. Piga mstari kwa kalamu kwenye kikopo kuonyesha kiasi. Eleza sababu ya kila sharti, kwa kuwa mtu hukumbuka sababu hata akisahau maneno. Maelezo ya mambo ya siri mwanamke aelezwe na mwanamke, na mwanamume na mwanamume, panapowezekana, pembeni na si kwa sauti ya sokoni. Nimesikia kwenye kituo kimoja mhudumu akipaza sauti juu ya choo cha mama mtu mzima mbele ya baraza zima. Mama yule alichukua kikopo na hakurudi tena. Kwa asiyesoma, rekodi maelezo kwa sauti kwenye simu ya mwanawe, asikilize tena alfajiri.

Wala hili si hisani tu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa, na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Karatasi ya Kiingereza anayokabidhiwa mzee wa Siyu haijatimiza hilo. Mgonjwa akisema "niandikie kwa Kiswahili" haombi upendeleo.

Maswali saba kabla ya kuondoka dirishani

Hata usipokumbuka mengine yote, uliza haya na uandike majibu:

1. Mnatafuta nini kwenye sampuli hii?
2. Niichukue saa ngapi, kwa saa ya Kiswahili, na siku gani?
3. Ni ya mwanzo, ya katikati au ya mwisho, na kiasi gani?
4. Nile au nisile? Maji je? Na dawa zangu za kila siku?
5. Ikae wapi mpaka niilete, kwenye baridi au kawaida?
6. Mwisho wa kuipokea ni muda gani baada ya kuichukua, na dirisha hufungwa saa ngapi?
7. Nikishindwa au nikiharibu, nije kwa nani?

Hilo la saba ndilo watu hawaliulizi. Anayejua ataonana na nani hatajaza mate, hatatia maji, wala hatakadiria mkojo uliopotea. Atarudi aseme "imenishinda", apewe kikopo kingine. Jibu likichelewa siku moja si neno, bora liwe la kweli.